UNESCO na sisi: kwa nini Mji Mkongwe umo kwenye orodha na Pemba haimo

Swali: Mimi ni mwalimu wa Historia katika skuli moja ya sekondari, Wete. Kila ikifika Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili, na wanafunzi wananiuliza hiyo UNESCO ni nini khasa, na nchi yetu imepata nini kwa miaka yote ya kuwa mwanachama. Mmoja akauliza jambo lililonishinda: kwa nini Mji Mkongwe wa Unguja ni Urithi wa Dunia, na Pemba hatuna hata kimoja, ilhali tuna Ras Mkumbuu na Pujini? Wametusahau?

Jibu: Mwalimu, huyo mwanafunzi aliyekushinda ndiye aliyeuliza swali zito kuliko yote. Mwambie kwamba UNESCO haikuisahau Pemba, kwa sababu kazi ya kukumbuka si yake. Shirika lile halizunguki duniani likichagua magofu. Nchi ndiyo inayoandika, ndiyo inayopendekeza, na ndiyo inayosimama kutetea mbele ya Kamati ya Urithi wa Dunia, ile inayoamua kipi kiingie kwenye orodha. Pahala ambapo hapajaandikiwa hapajadiliwi. Mengine nitakayokueleza hapa yote yanazunguka jambo hilo, maana ukiitazama historia ya ushirikiano wetu na UNESCO utaona kwamba tulichokipata ni kile tulichokwenda nacho kikiwa kimetayarishwa.

Kwanza tarehe, maana wanafunzi watazitaka. Katiba ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, ndiyo hiyo UNESCO, ilitiwa saini London tarehe 16 Novemba 1945 na ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Makao makuu yako Paris. Tanganyika ilijiunga tarehe 6 Machi 1962, kabla haijatimiza miezi mitatu ya uhuru. Sisi Wazanzibari wakati huo tulikuwa bado chini ya Waingereza. Uhuru wa Disemba 1963, Mapinduzi ya Januari 1964 na Muungano wa Aprili 1964 vilifuatana upesi, na Zanzibar ikajikuta ndani ya UNESCO kwa njia ya Muungano. Tangu hapo mwanachama ni mmoja, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Hapa pana jambo ambalo hupitwa haraka darasani, nami nakuomba usilipite. Mambo ya nje ni ya Muungano, kwa hivyo mikataba ya UNESCO hutiwa saini na Serikali ya Muungano. Lakini elimu ya msingi na sekondari, utamaduni na mambo ya kale si ya Muungano, hayo ni ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Anayeahidi mbele ya dunia ni mmoja, na anayetakiwa kuitimiza ahadi kila siku kwa bajeti yake, wataalamu wake na sheria zake ni mwengine. Kiungo rasmi baina ya nchi na shirika ni Tume ya Taifa ya UNESCO, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Ukiona jambo la Zanzibar limechelewa kufika Paris, usikimbilie kudhani kuna mtu amelikataa. Mara nyingi limelala kwenye meza moja baina ya Chake Chake, Unguja na bara, kwa kukosa mtu wa kulifuatilia.

Kwa upande wa bara, miaka ya mwanzo ilikuwa ya kisomo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 11 zilizojaribu mpango wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa kwa watu wazima, na majaribio yetu yalifanyika mikoa ya Ziwa Victoria kuanzia mwisho wa miaka ya 1960. Mkulima wa pamba alisomeshwa herufi kwa maneno ya pamba, mvuvi kwa maneno ya uvuvi. Mengi ya kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970 yalitokana na jaribio lile.

Zanzibar ilipata kitu cha namna nyengine, ambacho leo vijana wengi hawakijui kabisa. Katika miaka ya 1970 UNESCO iliamua kusaidia Afrika kukusanya mapokeo ya mdomo kabla wazee hawajaondoka nayo, na vikaanzishwa vituo vya kikanda. Afrika Magharibi walipata kituo Niamey, Afrika ya Kati wakapata Yaoundé. Cha Afrika Mashariki kiliwekwa Zanzibar. Kilijulikana kwa kifupi cha EACROTANAL, na kazi yake ilikuwa utafiti wa mapokeo ya mdomo na lugha za taifa za Kiafrika, kwa nchi nyingi za ukanda huu pamoja na visiwa vya Bahari ya Hindi. Hebu fikiri, Mwalimu: kituo cha eneo lote hili, kimekaa Unguja, na lugha yake ya jirani ni Kiswahili chenyewe. Vituo vya Niamey na Yaoundé vipo mpaka leo. Chetu hakipo. Nalitaja hili kwa uchungu wa kweli, maana kila mzee wa Micheweni au Makunduchi anayezikwa na hadithi zake bila ya kurekodiwa ananikumbusha kwamba tuliwahi kuwa na mahala palipowekwa makusudi kwa kazi hiyo.

Kilichosalimika ni karatasi. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina mkusanyiko wa miswada na vitabu vya Kiarabu ambao mwaka 2003 uliingizwa katika rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Wengi wakisikia "Kiarabu" hudhani ni mambo ya dini peke yake. Dini imo, lakini imo na sarufi, tiba, elimu ya nyota, mashairi, historia, na vilevile maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Miswada ya namna hii ina maisha yake ukiisogelea. Matini yamekaa katikati ya ukurasa kwa wino mweusi, mlango mpya umeanzwa kwa wino mwekundu, na pembezoni pamejaa maelezo ya mkono mwengine kabisa, wa mwalimu aliyekisomesha kitabu hicho miaka mingi baadaye akawa anabishana na mwandishi. Hapa na pale mdudu ametoboa ukurasa kwa mstari mmoja uliopita kurasa kumi. Kuingia katika rejista ile hakumzuii mdudu. Kunachofanya ni kuwajuilisha watafiti wa dunia kwamba kitu kipo na kiko wapi, na kumpa mkuu wa nyaraka hoja ya kuombea dawa, makasha na vifaa vya kupigia picha.

Sasa Mji Mkongwe. Nitakaa hapa kidogo, maana jibu la Pemba limo humu.

Tanzania iliuridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia, ule wa mwaka 1972, mnamo Agosti 1977. Ngorongoro ikaingia mwaka 1979, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara pamoja na Serengeti 1981, Selous 1982, Kilimanjaro 1987. Mji Mkongwe haukuingia mpaka mwaka 2000, katika kikao cha Kamati kilichofanyika Cairns, Australia, na michoro ya miambani ya Kondoa ikafuata 2006. Tazama pengo hilo: kutoka kuridhia mkataba hadi Mji Mkongwe kuingia ni miaka 23. Nini kilifanyika ndani yake? Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nyumba zikahesabiwa na kuchorwa moja moja. Mwaka 1994 ikapatikana sheria ya hifadhi, na mpango mkuu wa hifadhi ukatengenezwa kwa msaada wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Ilipofika wakati wa kupeleka maombi, nchi ilikuwa na mipaka iliyochorwa, sheria inayofanya kazi, ofisi yenye watu na orodha ya majengo. UNESCO haikuujenga msingi huo. Iliukuta.

Kwa hiyo mwenye nyumba wa Malindi au Sokomuhogo anapoambiwa asitoe mlango wa kuchonga au asipandishe ghorofa, na akasema "UNESCO hawataki", aambiwe kwa upole kwamba anayemkataza ni sheria ya Zanzibar. Na sababu zake ni za kiufundi kuliko watu wanavyodhani. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo, nene, na dari imebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Ukuta wa namna hiyo unapumua: unyevu hupanda kutoka chini na kutoka nje kupitia chokaa. Ukiupaka saruji unaufunga. Maji hubaki ndani, chumvi hula mawe, vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huoza taratibu bila ya mtu kuona, na siku moja ghorofa inashuka. Fundi anayejua kuizimua chokaa na kuiacha ikae kabla ya kuitumia ana thamani kuliko tani ya saruji, na mafundi hao wanapungua.

Fedha je? Watu wengi huamini kuwa Paris wanaleta pesa na pesa zinaliwa njiani. Mkataba wenyewe, kifungu cha 4, unasema wajibu wa kuhifadhi ni wa nchi yenye urithi huo kwanza. Mfuko wa Urithi wa Dunia upo, lakini hulishwa na michango ya nchi wanachama, na mchango wa lazima hauzidi asilimia 1 ya kile nchi inachoilipa UNESCO. Ni dola milioni chache kwa mwaka, na nchi zinazougombania ni dunia nzima. Unasaidia mafunzo, ushauri na dharura ndogo. Hauwezi kuezeka Mji Mkongwe.

Tulijifunza hilo kwa msiba. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, lilikuwa na nyufa zinazojulikana, na sehemu yake ilikwishaanguka mwaka 2012. Tarehe 25 Disemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, upande mkubwa ukaporomoka na watu wawili wakafariki. Fedha za ukarabati zilikuwa zimetoka Oman, kwa makubaliano ya serikali mbili. Jina la Urithi wa Dunia lilifanya dunia nzima iitazame Zanzibar siku ile, lakini halikuushika ukuta.

Jina hilo linapofanya kazi kweli ni pale nchi inapotaka kufanya jambo na kuna mtu wa nje mwenye haki ya kuuliza. Katika muongo wa 2010, ujenzi wa hoteli kubwa pale Mambo Msiige, Shangani, ulijadiliwa kwenye Kamati vikao kadhaa, na timu ya wataalamu ikaletwa kuja kuangalia. Hoteli ilijengwa. Hata hivyo mazungumzo yale yaliwafanya watu wazungumze kwa sauti kuhusu urefu wa majengo ya pwani na tathmini ya athari kwa urithi kabla ya kibali kutolewa, na mimi naona hilo ni jambo la maana. Wapo wanaosema Kamati inaingilia mamlaka yetu. Sikubaliani nao, kwa sababu tulijiandikisha wenyewe, na anayetaka kujitoa hazuiliwi. Oman, jirani zetu wa bahari, walipunguza sana eneo la hifadhi yao ya choroa, wale wanyama wa jangwani wenye pembe ndefu, likapungua kwa asilimia 90, na mwaka 2007 likawa eneo la kwanza duniani kufutwa kwenye orodha. Dresden ya Ujerumani ikafutwa 2009, Liverpool ya Uingereza 2021. Na kuwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini si fedheha ya kudumu: Kilwa iliwekwa mwaka 2004, kazi ikafanyika, ikatolewa 2014.

Mwambie mwanafunzi pia kuhusu Jozani. Mwaka 2016, katika kikao cha Lima, Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka iliingizwa kwenye mtandao wa hifadhi hai za UNESCO, ambao ni mpango tofauti na Urithi wa Dunia. Huko wanaangalia msitu, kima punju, mikoko na vijiji vinavyoishi kwa hayo yote kwa pamoja. Hata hili liliwezekana kwa sababu hifadhi ya taifa ilikuwa tayari imetangazwa mwaka 2004 na vijiji vya jirani vilikuwa na kamati zao.

Na Kiswahili. Mkutano Mkuu wa UNESCO, Novemba 2021, uliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo likaitambua. Tarehe hiyo inarudi kwenye Julai 7, 1954, TANU ilipokitangaza Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Wanafunzi wako wajue kwamba Kiswahili sanifu wanachosomea kilijengwa juu ya Kiunguja. Na wasione haya kusherehekea siku hiyo kwa Kipemba chao. Kipemba ni Kiswahili.

Sasa nirudi Pemba yenyewe. Hoja ya kuandika tunayo. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad, alifika kisiwa alichokiita Qanbalu mwaka 916, na wataalamu wengi wanaamini Qanbalu ilikuwa Pemba. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta Tumbe makaazi yanayoanzia karne ya 7. Ras Mkumbuu kuna msikiti na makaburi ya nguzo, na Pujini kuna boma la Mkama Ndume la karne ya 15, ambalo ni nadra kulipata jengine mfano wake katika pwani yote hii. Abdul Sheriff, mwanahistoria wetu wa Zanzibar, aliandika sura ya biashara ya bahari ya pwani hii katika juzuu ya pili ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO. Kwa hiyo elimu haikosekani.

Kinachokosekana ni kazi ya ofisini na ya shambani. Pahala huanza kwa kuingizwa kwenye orodha ya awali ya nchi, na hukaa humo si chini ya mwaka mmoja. Baadaye huandikwa maombi kamili: mipaka kwenye ramani, hali ya kila ukuta, nani mmiliki, sheria ipi inalinda, nani analinda usiku, wageni wangapi, wanakijiji wamekubali nini. Maombi ya magofu yanachunguzwa na ICOMOS, baraza la kimataifa la wataalamu wa majengo na maeneo ya kale, ambao humtuma mtu kuja kuona kwa macho. Na lazima uonyeshe kwa kulinganisha kwamba pahala pako pana thamani isiyopatikana Kilwa, wala Gedi na Lamu za Kenya. Kisha kuna kikwazo ambacho wengi hawakijui: siku hizi kila nchi inaruhusiwa kupeleka ombi moja tu kwa mwaka. Pemba haishindani na Unguja peke yake, inashindana na Tanzania bara nzima. Kwa maoni yangu Ras Mkumbuu au Pujini pekee itapata shida. Yakiandikwa pamoja, Tumbe, Chwaka ya huko Pemba, Mkumbuu na Pujini, kama kisa kimoja cha kisiwa kwa karne 9, tutakuwa na hoja ya kuwafanya watu wa Kamati wasogeze viti.

Hiyo ni safari ndefu, na mwalimu wa Wete hawezi kuisubiri. Lakini kuna njia nyengine mbili ambazo ziko mikononi mwenu.

Ya kwanza ni mkataba wa mwaka 2003 wa urithi usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011. Huu hauhitaji magofu. Unahusu ngoma, ufundi, mchezo wa ng'ombe, ususi wa mikeka ya ukindu, ujenzi wa majahazi. Msingi wake ni orodha inayotengenezwa pamoja na wenye mila wenyewe, na bila ya orodha hiyo hakuna kinachoweza kupendekezwa. Darasa lako linaweza kuanza. Chagueni jambo moja, tuseme mchezo wa ng'ombe, kwa sababu hauko Pemba nzima kwa namna moja. Andikeni nani anausimamia, unachezwa msimu gani na kwa nini msimu huo, nyimbo zinazoimbwa neno kwa neno, kamba inasokotwa na nini, kijana anajifunzaje kuingia uwanjani, nini kimebadilika tangu mzee anayeeleza alipokuwa mtoto. Mwombeni idhini yeye na sheha kabla ya kurekodi, na idhini hiyo iandikwe. Nakala moja ibaki skuli, moja mpelekee makumbusho ya Chake Chake pale ngomeni.

Ya pili ni mtandao wa skuli shirikishi za UNESCO, ulioanza mwaka 1953. Skuli huomba kupitia Tume ya Taifa, kwa kueleza shughuli inayofanya, na kazi hiyo ya mchezo wa ng'ombe ingetosha kuwa maelezo. Barua ipitie kwa afisa elimu wa wilaya na wizarani Unguja, na kila inapopita chukua namba ya kumbukumbu na jina la ofisi iliyoipokea, upige simu baada ya wiki mbili kuuliza imefika wapi.

Jambo la mwisho, liwe kazi ya nyumbani ya likizo hii. Waulize wanafunzi ni nyumba ngapi za mtaani kwao zina kitabu cha mkono kilichohifadhiwa kwenye sanduku la bibi au babu. Wasikiguse kwa mikono yenye maji, wasikianike juani, wasikitie gundi wala utepe wa plastiki. Wapige picha ukurasa wa mwanzo na wa mwisho, maana wa mwisho ndio mara nyingi wenye jina la mwandishi na tarehe, kisha wakirudishe mahala pake. Ukinitumia orodha, nitakusaidia kuisoma.